HOWO 371 au Actros 3340? Ulinganisho wa injini mbili kwa mwenye pesa ya lori moja

Shemeji yangu ana pesa ya lori moja. Moja tu, na akikosea hakuna la pili la kumwokoa. Katika yadi moja ya Kampemba, hapa Lubumbashi, ameona mawili yanayomnyima usingizi: HOWO 371 nyekundu ya Kichina yenye miaka saba, na Actros 3340 nyeupe ya Mercedes iliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya, mzee kidogo kwa umri lakini bado imenyooka mgongo. Bei zimekaribiana. Kila aliyemuuliza amemjibu kwa ushabiki, utadhani ameuliza habari za timu zetu za mpira, Mazembe na Lupopo. Huyu anasema gari la Mchina halizeeki, linakufa likiwa kijana. Yule anasema la Mjerumani litakula spea mpaka uuze nyumba.

Mimi si fundi. Kwa miaka tisa nimeshika daftari la matengenezo la malori sita yanayobeba saruji, mahindi na mara nyingine shaba. Lori likiingia yadini naandika tarehe, kilomita, saa za injini, kilichofunguliwa na kilichokutwa humo. Daftari halina timu. Ndilo nililomfungulia shemeji mezani, na ndilo ninaloandika kutoka kwake hapa.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Mafundi wetu walijifunza kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo gereji za hapa utasikia soupape na culbuteur. Madereva wa Tanzania tunaopanga nao foleni mpakani Kasumbalesa wanasema vali na roka, na kazi yenyewe wanaiita kuseti tapeti. Nitatumia maneno yao, maana yanasomeka kote. Vali ni kijimlango cha silinda cha kuingiza hewa au kutoa moshi, na roka ni mkono wa chuma unaoisukuma ifunguke. Mwanya ni ile nafasi nyembamba inayoachwa kati ya roka na vali injini ikiwa imepoa.

Nikitakiwa kujibu kwa pumzi moja: kwa kazi ya Kolwezi na Likasi, ya vumbi na kuingia migodini, HOWO yenye pampu ya kimekanika. Kwa safari ndefu za Dar es Salaam au Durban, na fundi mwenye kompyuta yuko karibu, Actros. Ila nimeona watu walionunua kwa jibu la pumzi moja wakarudi kuuza kwa hasara, kwa sababu hawakujiuliza ni nani atakayekuwa anafungua vile vifuniko vya vali, na kila baada ya muda gani.

Zilivyo ndani

HOWO 371 ina injini ya WD615: silinda sita zimepangwa mstari mmoja, lita 9.7. Asili yake ni Steyr ya Austria. Wachina walinunua leseni miaka ya 1980 na wameendelea kuitengeneza kwa sura mbalimbali tangu wakati huo. Kila silinda ina vali mbili, jumla 12. Zile za kiwango cha moshi cha Euro 2, ambazo ndizo nyingi mtaani kwetu, hazina kompyuta ya kuzungumza nayo. Mazutu, yaani dizeli, yanasukumwa na pampu ya kimekanika, basi. Nguvu yake ya juu iko kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, na msukumo wake wa kuzungusha ni Nm 1,500.

Actros 3340 za vizazi vya kwanza, kuanzia 1996, zina OM501LA. Hii ni V6, tatu huku na tatu kule, lita 11.9, vali nne kwa kila silinda, jumla 24. Kila silinda ina kijipampu chake kinachoamriwa na kompyuta. Nguvu ya juu inapatikana kwenye mizunguko 1,800 tu, na msukumo ni Nm 1,850. Jina lenyewe linasema habari: 33 ni tani, 40 ni farasi kama 400.

Watu husoma namba hizo wakitafuta nani ana nguvu. Mimi huzisoma nikitafuta nani anachoka polepole. Vali hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Mchukue dereva wa HOWO anayetembea kwenye mizunguko 1,600 kwa saa kumi: kila vali itakuwa imefunguka na kugonga kiti chake mara 480,000. Mwenzake wa Actros, mwenye mzigo uleule, anaweza kutembea kwenye 1,250, na kwa saa hizohizo vali zake zimegonga mara 375,000. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya vipigo laki moja kwa siku, na bado hatujagusa suala la chuma kipi ni bora. Lita 11.9 zikibeba mzigo ambao mwenzake anaubebea lita 9.7, kila silinda inasukumwa kidogo.

Kwa hiyo wanaosema Actros inakaa hawajatunga. Si ajabu kukuta moja ina kilomita 900,000 kwenye dashibodi na hedi, yale mafuniko ya juu ya silinda yanayobeba vali, hazijawahi kunyanyuliwa. Ila kilomita hizo zilitembewa wapi? Lami ya Ulaya, hewa safi, mazutu ambayo tangu 2009 yanaruhusiwa salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Ikifika hapa inaanza maisha mengine, na hizo 900,000 haziwezi kuitolea dhamana.

Mwanya

WD615 inataka mwanya wa milimita 0.30 kwenye vali ya kuingiza hewa na 0.40 kwenye vali ya kutoa moshi. OM501LA inataka 0.40 na 0.60. Vipimo vyote ni vya injini iliyopoa kabisa, iliyolala usiku kucha. Vali ya moshi imepewa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayopitisha moto, na chuma kikipata moto hurefuka.

Vali ya moshi haina maji ndani yake ya kuipoza. Inapoa zaidi pale inapokaa kwenye kiti chake: joto linatoka kwenye kichwa cha vali, linaingia kwenye kiti, linapita kwenye hedi, linachukuliwa na maji. Kila kipigo ni nafasi ya kupumua. Mwanya ukiisha, roka inaiegemea vali muda wote na haikai sawasawa. Moto unapenya pembeni, ukingo unaungua, na kadiri unavyoungua ndivyo upenyo unavyopanuka.

Hayo yote yanatokea kimya. Mwanya ukiwa mkubwa, roka inagonga na injini inalia tak-tak-tak asubuhi nzima. Dereva analalamika, mwenye gari anapiga simu, fundi anaitwa. Mwanya ukiwa mdogo, injini inanyamaza na kila mtu anafurahi. Fundi wetu mzee huwaambia vijana kwa Kiswahili cha hapahapa: "Yenye kulia iko muzima. Yenye kunyamaza njo ya kuogopa."

Nililipia somo hilo. Lori letu la tatu, HOWO, lilianza kulia mwisho wa masika. Dereva akiwa njiani kurudi kutoka Kolwezi alimpa kazi fundi wa pembeni mwa barabara, naye akabana vali za moshi mpaka kelele ikaisha. Injini ilikuwa bado ya moto. Dereva alinisifia fundi huyo kwa simu: "Papa, sasa motere inapumua kama mtoto!" Wiki tano baadaye lori lilikuwa linatetemeka likiwa limesimama, linatoa moshi mweupe asubuhi, na bomba la moshi linapiga pafu, linaruka, pafu, linaruka. Tulipotoa hedi ya silinda ya nne, vali ya moshi ilikuwa imemeguka kipande ukingoni, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kiti chake kilikuwa kimechimbika mfereji mahali palepale. Tulipima nyingine tano: hakuna iliyofika 0.20.

Hapo ndipo nilipojua uzuri ambao injini hizi mbili zinashirikiana. Zote zina hedi ya peke yake kwa kila silinda. Tulitoa moja, tukapeleka kusaga kiti na kuweka vali mpya, na tano hatukuzigusa. Kazi ya siku moja na nusu, ikiwemo kumsubiri mwenye mashine. Kwenye injini yenye hedi moja ndefu ya kufunika silinda zote, tungefungua kila kitu kwa sababu ya vali moja.

Kufungua na kupima, upande kwa upande

Kwenye HOWO kazi ni ya asubuhi moja kwa mtu mwenye mkono. Unainua kabini, unasafisha juu kwanza kwa hewa, maana vumbi la njia ya Likasi likidondoka ndani ya hedi umejitafutia balaa, kisha unatoa vifuniko sita. Unazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya silinda ya kwanza iko juu kabisa, vali zake zote mbili zimefunga. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Hapo unaseti vali zote mbili za silinda ya 1, ya kuingiza ya 2, ya moshi ya 3, ya kuingiza ya 4, ya moshi ya 5. Unazungusha mzunguko mmoja kamili, ya sita inakuja juu, unamaliza sita zilizobaki: ya moshi ya 2, ya kuingiza ya 3, ya moshi ya 4, ya kuingiza ya 5, na zote mbili za 6. Zungusha mara mbili tu. Mtoto wa gereji wa miaka 18 akifundishwa mara tatu anaweza, nami nimewaona.

Mkono unajifunzwa kwenye kile kibati cha kupimia. Unakipitisha kati ya roka na vali, unakaza skrubu taratibu huku unakivuta mbele na nyuma. Kinatakiwa kipite kwa kusita, kama noti ya franka mia tano unayoivuta chini ya kitabu kizito: inakuja, lakini unajua kuna kitu kimeilalia. Kikiteleza, bado. Kikigoma, umepitiliza. Halafu inakuja nati ya kufungia, na hapo ndipo wengi wanaharibu: ukiikaza, skrubu inazunguka nayo kidogo na mwanya unabadilika. Baada ya kukaza, pima tena. Kijana asiyepima tena baada ya kukaza nati simruhusu kugusa injini yetu.

Actros inatisha kwa hesabu ya vali 24, lakini miyanya ni 12 vilevile, kwa sababu kila roka inasukuma daraja dogo linalobeba vali mbili kwa pamoja. Shida yake ni nyingine. Injini iko pande mbili, unafanya kazi huku ukihama, na mpangilio wa V6 mafundi wengi wa huku hawaujui kwa kichwa. Wanabahatisha, na kubahatisha kwenye vali ni kuchoma pesa. Halafu lile daraja linaficha ugonjwa: vali moja ikizama kuliko mwenzake, daraja linalala upande, na kibati kinaweza kukupa kipimo kizuri cha uongo. Fundi mzuri huligusa kila daraja kwa kidole kuona kama linacheza sawa pande zote. Hedi pia ina kivali kidogo cha ziada cha breki ya injini, kinachofunguliwa kwa hewa, na masizi hukipenda sana.

Kutafuta silinda mgonjwa nako ni tofauti. Kwenye HOWO ya pampu ya kimekanika, injini ikiwa inazunguka polepole, fundi analegeza nati ya bomba la mazutu la silinda moja baada ya nyingine, kitambaa mkononi na uso mbali. Akilegeza ya silinda nzima, mlio wa injini unaharibika. Akilegeza ya mgonjwa, hakuna kinachobadilika. Mbinu hiyo usiipeleke kwenye Actros. Shinikizo kwenye mabomba yale linaweza kufika bar 1,800, na mazutu kwa shinikizo hilo hupenya ngozi ya binadamu kama sindano. Pale unahitaji mashine ya kusoma kompyuta, inayozima silinda moja moja na kukuonyesha. Lubumbashi mashine hizo zipo, na wanaozijua wapo, ingawa foleni yao ni ndefu. Lori likikulalia Nguba au Fungurume, utamsubiri mwenye mashine atoke mjini.

Foleni ya Kasumbalesa haionekani kwenye kilomita

Kutoka hapa mpaka mpakani hazifiki kilomita 100. Ukisoma dashibodi utasema lori halijafanya kazi. Lakini kuna wiki magari hulala kwenye foleni siku mbili, tatu, na madereva huacha injini zikizunguka: kusogea mita ishirini, kuchaji simu, kupata baridi kabinini, au kwa kuogopa tu kwamba haitawaka tena.

Injini ya dizeli ikizunguka bila mzigo haipati joto la kutosha. Mazutu hayaungui yote. Mengine yanashuka kwenye oili na kuipunguza nguvu, mengine yanageuka masizi kwenye shina na kiti cha vali ya moshi. Masizi magumu yakinasa kwenye kiti, vali haifungi vizuri, na siku ukipewa mzigo na mlima, moto unapita hapohapo. Tangu 2019 daftari letu lina safu mbili, kilomita na saa, na tunafuata saa. Vali tunazipima kila saa 1,000 au kilomita 40,000, kinachotangulia. Lori la njia ya Kasumbalesa hutanguliwa na saa karibu kila mara.

Hapa siwezi kusema moja inashinda. Zote zinaumia. Labda Actros inaumia zaidi kimyakimya, kwa kuwa wenye nayo huiamini mno na hawaigusi.

Safu ninayoipenda kuliko zote ni ya miyanya iliyokutwa kabla ya kusetiwa. Mafundi wengi huseti bila kuandika walichokuta, na hapo wanatupa habari muhimu. Mwanya unaoongezeka unaonyesha kulika kwa roka, skrubu au kemshafti. Mwanya unaopungua unaonyesha vali inazama kwenye kiti chake na kuinuka kuelekea roka. Lori letu la tano, silinda ya pili, vali ya moshi: tuliacha 0.40, tukakuta 0.33. Tukarudisha 0.40, saa 1,000 baadaye tukakuta 0.27. Tukarudisha tena na kufupisha muda, tukakuta 0.30 baada ya saa 400 tu. Hapo kuseti hakuna maana tena. Tulitoa hedi moja kabla haijaungua, kwa gharama ya kiti na vali. Wale walio na lori moja na hawana daftari wangejua siku bomba la moshi linapoanza kuruka.

Oili, vumbi na spea

Bido moja la lita 20 halitoshi injini yoyote kati ya hizi, na Actros inakunywa zaidi. Ulaya, kwa oili ya daraja la MB 228.5, muda wa kubadili unaweza kufika hata kilomita 100,000. Mtu ananunua Actros, anasoma hilo mahali, anaamini. Kwa mazutu yanayouzwa kwenye mapipa pembezoni, ambayo hakuna anayejua salfa yake, oili inalemewa na tindikali mapema sana. Sisi Actros tunayoisimamia tunaibadilisha kila 15,000, HOWO kila 10,000, kwa oili ya 15W-40 ya daraja la CI-4, pamoja na filta. Hapo Actros inapoteza sehemu ya uchumi wake, japo bado inashinda kwenye mazutu inayokula safari ndefu.

Vumbi, kuanzia Mei mpaka mvua za kwanza, ndilo adui mkubwa wa injini Katanga, kuliko mzigo. Filta ya hewa iliyopulizwa kwa kompresa mpaka ikatoboka inapitisha mchanga mwembamba, na mchanga huo unasaga ringi, silinda, miongozo ya vali na viti vyake. Hakuna Mjerumani wala Mchina anayevumilia hilo. Nunua filta mpya.

Kwa spea, HOWO inashinda bila mjadala. Kampuni za migodi zimejaza magari ya aina hii mkoani, na vali, viti, gasketi na pushirodi za WD615 unazipata madukani siku hiyohiyo. Tatizo ni madaraja: vali mbili zinazofanana kwa sura, moja ya bei nusu, na ile ya nusu inaweza isimalize kiangazi. Spea za Actros ni ghali na nyingine zinasubiriwa, lakini ukipata halisi unaiweka na kuisahau. Wengi huchukua zilizotumika. Hedi iliyotumika sawa, ikipimwa. Vali ya moshi iliyotumika, hapana.

Kuhusu mteremko, kwa mwenye kwenda Dar: mlima Kitonga wa Tanzania unamngoja. Breki ya injini ya Actros inashika vizuri zaidi, na dereva hana haja ya kulazimisha gia ndogo. Kwenye HOWO nimeona dereva akishusha gia akiwa na mzigo mpaka mshale ukapita 2,600. Springi za vali haziwezi kufuata kasi hiyo. Vali ikichelewa kurudi, pistoni inaikuta njiani, na kinachofuata ni oveholi. HOWO mpya zaidi zina breki iliyounganishwa na vali zenyewe. Hizo zina mwanya wa tatu wa kuseti, na fundi asiyejua ataupita bila kuuona. Soma kibao kilicho kwenye injini.

Freightliner zinazopanda kutoka Afrika Kusini na injini za Cummins ISX ni imara, lakini hedi ni moja ndefu, kemshafti ziko juu, na usukani uko kulia wakati sisi tunaendesha kulia mwa barabara. Volvo ni gari tamu nalo, na hedi moja ndefu vilevile. Kwa mwenye lori moja, sizipendekezi, ingawa najua kuna watakaoninunia.

Siku ya kupima

Jumamosi tulikwenda Kampemba mimi, shemeji na fundi wetu mzee, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kibati chetu mfukoni. Ushauri wangu kwa yeyote: usilipe injini ambayo hujaipima mwanya. Uliza kufungua vifuniko. Angalia nati za roka kama zina alama za spana. Nati zenye masizi mazima na rangi ya kiwandani kwenye lori la kilomita nyingi ni ushahidi kwamba hakuna aliyewahi kuziseti. Ikishawaka, fungua kifuniko cha kumiminia oili uone kama inapumua moshi kwa nguvu.

Mwenye HOWO alitukubalia, akatushikia taa mwenyewe. Vali za kuingiza zote zilikuwa kati ya 0.30 na 0.35. Za moshi tano zilikuwa kati ya 0.40 na 0.45, na ya silinda ya tano 0.25. Nati zilikuwa na alama za spana, kwa hiyo kuna mtu aliyekuwa anazijali. Fundi alisema ile ya tano imezama, itoe hedi yake mapema.

Actros tuliikuta ya moto. Kijana wa yadi alikuwa ameiwasha kabla hatujafika, akasema ni ili tuisikie inavyozunguka, na kwamba kompyuta haionyeshi kosa lolote. Kweli, ilizunguka kama cherehani. Tuliomba turudi Jumatatu ikiwa imepoa, akakubali. Jumatatu saa kumi na mbili, hedi ilikuwa inaunguza kiganja.

Shemeji amechukua HOWO, na bei imepunguzwa kwa gharama ya hedi moja. Vali ya moshi ya tano ilikuwa imezama kweli, ukingo wake bado mzima. Tumeweka kiti kipya na vali ya daraja la juu, tumeseti zote 12, ameanza na mzigo wa saruji wa Likasi. Actros nyeupe bado ipo pale yadini. Anayeitaka aende na kibati chake, na awahi kabla hawajaiwasha.